Asali Iliyorudi Ipole

Bweni letu lilikuwa Chemchem, mjini Tabora, nyuma ya mashine ya kusaga, na kila kitu ndani yake kilikuwa na jina la kampuni. Jina lilikuwa ukutani, kwenye magodoro, kwenye fulana za michezo, hata kwenye ndoo za kuogea. Asubuhi nilikuwa najimwagia maji huku nembo ya wafadhili ikinitazama, na kwa kuwa mimi ni mtu wa hasira za karibu tangu utotoni, nilikuwa naigeuza ndoo ielekee ukutani. Mlezi wa bweni aliniona siku moja akacheka. "Wewe mtoto, hata ndoo mna ugomvi?" Sikuwa na ugomvi na ndoo. Nilikuwa mpweke tu, nikatafuta cha kukasirikia kilichokuwa karibu.

Shuleni walituita watoto wa kampuni. Darasani kulikuwa na mabinti wa wenye maduka, Wahindi kwa Waarabu, na wa walimu na wafanyakazi wa reli, na hakuna hata mmoja aliyewahi kututukana. Walituonea huruma. Mtu akikutukana unaweza kumrudishia, lakini anayekuonea huruma unamjibu nini? Walituachia nafasi kwenye foleni ya maji, walitugawia vitafunio vyao, kisha wakaenda kukaa na wenzao. Jioni, honi ya treni ya Mpanda ilipolia stesheni, nilijua kwamba huko Ipole mama yangu anasonga ugali na anamgombeza mdogo wangu kwa sababu kuni ni mbichi. Nilitamani nigombezwe na mimi.

Niseme mapema kwamba mama yangu ni mkali. Mdomo wake unajulikana mpaka kijiji cha pili. Kwake yeye tuta likipinda ni kosa kubwa kuliko wizi, na majirani waliokuwa wanapita shambani kwetu walikuwa wanamtania, "Mama, hayo matuta umeyapimia uzi?" Kutugombeza ndiyo ilikuwa namna yake ya kutuweka karibu. Asiyemhusu hakumgombeza, alimkaribisha kiti, akampa maji ya kunywa, akamwambia asante kwa kuja.

Baba alifariki nikiwa shule ya msingi. Aliacha shamba dogo la tumbaku, bani la kukaushia, na mizinga yake msituni, ambayo tangu hapo mjomba ndiye aliyekuwa akiirina asali kwa niaba yetu. Nilipofaulu kwenda sekondari, kulikuwa na mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi aliyekwisha kutuma watu kuuliza habari zangu. Mama hakuwajibu ndiyo wala hapana. Nyumba ilikuwa inavuja, na wadogo walikuwa bado wadogo.

Hapo ndipo walipokuja wale wa mradi. Kampuni moja ya Dar es Salaam ilikuwa imeungana na shirika la hisani: kampuni ilikuwa na fedha lakini haikujua vijiji, shirika lilijua vijiji lakini halikuwa na fedha. Walikuwa wanatafuta mabinti waliofaulu ambao wangeozwa wasiposaidiwa. Mama mmoja wa shirika, mwenye sauti ya upole na daftari kubwa, alikaa jikoni kwetu akila michembe, viazi vyetu vitamu vya kukausha, kama mtu wa nyumbani. Alieleza kwamba watanisomesha mpaka chuo nikiweza, na kwamba familia nayo itapewa msaada. Bati za kuezekea nyumba, mablanketi, taa ya sola. "Ili mzazi asije akashawishika na ng'ombe za watu," alisema, na mama akacheka, kwa sababu alikuwa amesema kweli mbele ya watu wote.

Bati zililetwa wiki hiyohiyo. Siku nilipoondoka, mama alisimama chini ya paa jipya akaniambia, "Nenda. Na mimi nitawafuata hao watu, nikawaone." Sikuelewa uzito wa neno lile. Nilidhani anataka kuona mahali ninapolala.

Kwetu, mtu akikulelea mtoto, unamwendea. Humwendei mikono mitupu, na humpelekei kitu cha dukani. Unampelekea kilichotoka kwako, na yeye anaonja mbele ya macho yako. Akishaonja, basi, mmekuwa wazazi wa mtoto mmoja, yeye analea na wewe unalea, na mtoto ana nyumba mbili. Hakuna anayelitangaza jambo hili. Hata mimi nilikuwa sijawahi kuambiwa kwa maneno, nilikuwa nimeona tu: shangazi alipolelewa mwanawe na mwalimu mmoja wa Sikonge, alikwenda na karanga gunia zima, na mwalimu akazitafuna mlangoni kabla hata ya kuwakaribisha ndani.

Mwisho wa muhula wa kwanza kulikuwa na siku ya wafadhili. Tulivalishwa fulana mpya, tukafundishwa wimbo, tukapangwa kwa urefu. Viti vya plastiki vilikodiwa, turubai likafungwa, na meneja wa kampuni akaja kutoka Dar na watu wa kamera. Wazazi nao walialikwa, lakini wengi walikuwa mashambani na hawakuja. Mama yangu alikuja. Alishuka kwenye basi la Sikonge akatembea kutoka stendi na kilindo kichwani, lile pipa letu dogo la gome la mti, limejaa asali mbichi na kufunikwa kwa jani na kitambaa cheupe. Nilimwona akiingia getini, shingo imenyooka. Nikatoka kwenye mstari nikakimbia kumpokea mzigo. Ulikuwa mzito kweli. Mlezi wa bweni alinikazia macho, lakini sikujali, nilikuwa na furaha ambayo sijui kama nimewahi kuipata tena.

Mama alisubiri hotuba ziishe. Kisha akajifunga vizuri kanga yake, akaniambia nibebe kilindo, tukaenda mpaka kwenye meza kuu. Meneja alisimama kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mimi ndiye mama wa huyu. Nimekuja kuwashukuru kwa kunilelea. Hii ni asali ya mizinga ya marehemu baba yake. Naomba muonje."

Meneja alitazama kilindo, akamtazama yule mama wa shirika, akatabasamu. Alikuwa mtu mwema, siwezi kumsingizia. "Mama, tumefurahi sana. Lakini kampuni yetu ina sera. Haturuhusiwi kupokea zawadi kutoka kwa walengwa."

"Si zawadi, baba. Ni kuonja tu."

"Naelewa, mama. Ila ni utaratibu, unanisamehe."

Yule mama wa shirika alisogea, akamshika mama mkono kwa mikono yake yote miwili. "Dada yangu, sisi ndio tumekuja kukusaidia wewe. Hii rudi nayo, watoto waile nyumbani. Mkiwa na afya, hiyo ndiyo shukrani yetu." Alisema kwa mapenzi, na macho yake yalikuwa yamelowa. Watu wa karibu wakapiga makofi. Mpiga picha akamwomba mama asimame kati ya mimi na meneja, na mama akasimama.

Katika picha ile, ambayo baadaye ilitoka kwenye kalenda ya kampuni, kila mtu anatabasamu isipokuwa mama. Waliochapisha walidhani ni kuona haya kwa mtu wa kijijini.

Nilimsindikiza mpaka stendi. Alinikataza kubeba kilindo, akakiweka mwenyewe kichwani. Babu zetu walibeba mizigo ya watu kutoka Tabora mpaka pwani kwa miguu, na hilo tunajivunia hata leo, lakini kurudi nyumbani na mzigo uleule ulioondoka nao ni aibu ambayo Mnyamwezi yeyote anaijua. Mbele ya duka la Mhindi mmoja wa vitambaa alisimama, nikadhani amechoka, kumbe alikuwa ananitazama. Alinitazama kuanzia viatu mpaka nywele, taratibu. Kisha akasema, "Usome vizuri, mama," akapanda basi. Hakuwahi kuniita mama kabla ya siku ile. Aliniita kwa jina langu, au aliniita mvivu.

Likizo ndefu ilipofika nilikwenda nyumbani nikiwa nimejiandaa kufanya kazi. Ulikuwa msimu wa matuta, na mikono ilikuwa inaniwasha. Mama alinipokea begi, akamwambia mdogo wangu, "Mletee kiti." Kiti! Kwetu kulikuwa na kiti kimoja chenye mgongo, na kilikuwa cha mchungaji alipokuja kutembelea waumini. Nikakaa. Wakachinja kuku. Mama akaniwekea maji ya moto bafuni na sabuni mpya. Nilicheka, nikamwambia mdogo wangu kwamba mama ananitania, na mdogo wangu hakucheka.

Kesho yake nilishika ndoo niende kisimani, mama akainyakua akampa mdogo wangu. Nilipochukua ufagio, alisema nitachafua nguo. Nilikumbuka ule msemo wa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nikasubiri siku ya tatu. Ilifika, ikapita. Jembe langu la zamani lilikuwa pale pale ukutani, na asubuhi mama na mdogo wangu walitoka na majembe yao, wakaniacha na chai ya maziwa na andazi. Niliwasikia kwa mbali shambani, mama akifoka, "Hilo ni tuta au ni nyoka? Rudia!" Nilikaa kwenye kiti cha mchungaji nikamwonea wivu mdogo wangu mpaka machozi yakanitoka.

Mjomba ndiye aliyenieleza. Nilimfuata kwake nikamwuliza nimekosa nini.

"Hujakosa kitu," alisema. "Mama yako alirudi na ile asali. Jioni ileile akapita nyumba kwa nyumba, akawagawia majirani yote mpaka kilindo kikabaki kitupu. Watu wakamwuliza, kuna sherehe gani? Akawajibu, binti yangu amekwenda."

"Nimekwenda wapi, mjomba? Si nipo shule?"

Alikuna kidevu. Hakupenda kusema. "Angalia mwenyewe. Wao walileta bati, wakaleta mablanketi, na sisi tukapokea. Binti akaondoka. Sisi tulipopeleka chetu, wakakataa hata kuonja. Kwetu hapa, wakitoa wao tu, na sisi tukapokea tu, na binti akaondoka, unajua hilo jambo linaitwaje."

Nilijua. Linaitwa mahari.

Nilirudi nyumbani nikikimbia. Nilimkuta mama anapepeta mtama, nikamwambia yote kwa mkupuo: kwamba ni sera tu, kwamba yule meneja angefukuzwa kazi, kwamba wamekuja kuzuia watoto wasiozwe, mbona sasa yeye anafanya kana kwamba ameniozesha kwa kampuni? Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kupepeta.

"Nimekuelewa," alisema. "Mimi si mjinga, mwanangu. Najua ofisi zina sheria zake. Lakini nilikwenda pale niseme huyu ni wetu sote, wakaniambia niende nikale asali yangu. Sasa mtu anayekulisha, anayekuvisha, anayekutibu, na hataki kitu chochote kutoka kwangu, mimi nitasimama wapi nikudai? Nikikutuma maji, nakutuma kwa haki gani?"

"Kwa haki ya kunizaa!"

"Kuzaa!" alisema. Akapepeta mara mbili tatu. "Hata aliyeolewa alizaliwa. Mimi sijakukataa. Nimekupeleka vizuri, na ukija nakupokea vizuri. Unataka nini zaidi?"

Nilitaka anigombeze. Sikuweza kulisema hilo. Mtu mzima hawezi kumwambia mama yake nifokee, na mtoto wa umri ule ndiyo hawezi kabisa.

Nilimaliza kidato cha nne, cha sita, nikaenda chuo, na leo mimi ni mfamasia katika hospitali moja hapa mjini. Nimepanga nyumba Chemchem hiyohiyo. Kila jambo waliloahidi wale watu walilitimiza, na ningekuwa mtu wa ajabu kama ningewasema vibaya. Bila wao ningekuwa mke wa yule mzee wa ng'ombe, au mjane wake. Kila mwaka wananialika kwenye siku ya wafadhili niwatie moyo mabinti, na mimi naenda. Nawaambia wasome. Mwaka mmoja nilimweleza yule mama wa shirika habari ya asali. Alilia kweli, palepale chini ya turubai, akaniomba radhi kama mimi ndiye niliyekataliwa. Kisha akafuta macho akasema ataliweka kwenye ripoti, sehemu ya changamoto. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Alikuwa amezeeka, na hakuwa na mahali pengine pa kuliweka.

Upweke wangu wenyewe si wa kuigizwa kwenye tamthilia. Kazini nina marafiki, kanisani naimba, jirani zangu wananigongea wakikosa chumvi. Lakini Jumapili mchana, wenzangu wanapolalamika kwamba mama zao wamewapigia simu kuwasema kwa hili na lile, mara hawaolewi, mara hawatumi salamu, mimi nanyamaza. Mama yangu akinipigia ananiuliza habari za kazi, ananishukuru kwa nilichotuma, ananiombea Mungu, anakata. Simu zake ni nzuri. Ungeweza kuzisoma kanisani.

Mdogo wangu aliolewa Usinge, wa mwisho akaenda Dar, na mama akabaki peke yake chini ya zile bati. Mvua za mwaka jana zilipoanza niliomba ruhusa kazini nikaenda. Alikuwa amekonda, na magoti yalikuwa yanamsumbua. Nilikuta shamba la nyuma ya nyumba limeanzwa halijafika hata nusu, matuta yake yamenyooka kama kawaida yake. Akanipa kiti. Akaanza kumwita mtoto wa jirani amkamatie kuku.

Asubuhi yake kulikuwa na msiba kijijini, na akina mama wa kanisa walikuwa wanakusanyika kupika. Akaniambia nipumzike, chai ipo kwenye chupa. Alipotokomea nyuma ya bani, nilivua viatu vya mjini, nikachukua jembe lake, nikaingia shambani. Nilikuwa sijalima tangu utotoni. Mgongo ulikataa mapema, viganja vikachubuka, lakini nililima. Ardhi ilikuwa na ile harufu yake ya mvua ya kwanza, na mimi nilikuwa nazungumza peke yangu kwa Kinyamwezi, nikijifokea kama yeye alivyokuwa akitufokea.

Matuta yangu yalikuwa mabaya. Niliyaona mwenyewe. Yalianza vizuri kwenye mipaka ya yale yake, kisha yakaenda upande, yakabanana, moja likakutana kabisa na mwenzake. Sikuyarekebisha. Niliyatazama nikafikiri: hakuna namna atanyamazia haya. Huyu mwanamke nimeshamwona akimsimamisha mchungaji njiani kumsema kwa matuta yake. Nikaendelea, na moyo ulikuwa unanidunda kama wa mtoto aliyevunja chungu na anasikia hatua mlangoni.

Alirudi jua likiwa limeshuka. Alisimama pembeni ya shamba, mkono kiunoni, akatazama. Macho yake yalitembea kwenye lile tuta lililopinda kutoka mwanzo mpaka mwisho. Niliona mdomo wake ukifunguka. Niliegemea jembe nikasubiri. Naapa nilikuwa tayari kulia kwa furaha.

"Pole na kazi," alisema. "Umejichosha bure, mama. Njoo uoge, nakuwekea maji."

Nilikwenda kuoga. Maji yalikuwa ya moto, na kando alikuwa ameweka taulo jipya ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani. Nilipotoka bafuni, sikumkuta jikoni. Nikazunguka nyuma ya nyumba. Alikuwa shambani, ameinama, goti lake bovu amelinyoosha pembeni, anabomoa matuta yangu moja baada ya jingine na kuyapanga upya. Alikuwa anafanya polepole, jembe halisikiki, kama mtu anayerekebisha kitanda cha mgeni bila kutaka mgeni ajue.

Nilisimama pale na taulo langu mpaka akamaliza tuta zima.